Bei ya Mpaka Hulipwa Bara: Gharama na Ufaafu wa Vizuizi vya Mipakani, Vikitazamwa kutoka Kailo

Wilaya ya Kailo haipakani na nchi yoyote. Mkoa wa Maniema, ambao makao yake makuu ni Kindu, umezungukwa pande zote na mikoa mingine ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anayetoka Kailo akitaka kufika Rwanda hana budi kuivuka Kivu kwanza. Hata hivyo, tangu mwaka 2010 riziki ya wachimbaji wadogo wa huko wa kasiterite (mawe ya bati) na wolframiti (mawe ya wolframu) imepanda na kushuka kwa maamuzi yaliyolenga mpaka wasiouona: nani apitishe madini, wapi, kwa karatasi gani, na nani akataliwe.

Mjadala wa vizuizi vya mipakani huendeshwa kwa maswali mawili: kizuizi kitagharimu kiasi gani, na je, kitazuia? Makala haya yanaongeza swali la tatu, nani atalipa, na yanadai kwamba bila swali hilo mawili ya kwanza hayawezi kujibiwa sawasawa. Kizuizi, kiwe cha zege, cha lango lililofungwa au cha karatasi, mara chache hukomesha uvukaji. Kinachofanya ni kuupandisha bei, kisha bei hiyo ikasukumwa kutoka mkono hadi mkono mpaka imfikie asiye na wa kumsukumia. Katika biashara ya madini ya mashariki mwa Kongo, mtu huyo yuko shimoni, mamia ya kilometa kutoka mpakani.

Hoja itapimwa kwa aina tatu za vizuizi: ukuta, kufungwa kwa lango, na mfumo wa hati za asili ya madini. Kila aina ina bajeti inayoonekana na gharama isiyoandikwa popote.

Hesabu ya kilometa moja

Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilianza kujenga kizuizi kwenye mpaka wake na Somalia, unaokaribia kilometa 700. Kazi ilianzia Mandera, mkabala na mji wa Bula Hawa. Wabunge walipouliza maendeleo yake, ilibainika kuwa takribani dola milioni 35 zimetumika kwa uzio wa waya wa kilometa 10 hivi, wakataka ujenzi usimame. Hizo ni dola milioni 3.5 kwa kilometa. Kwa kiwango hicho mpaka wote ungemeza karibu dola bilioni 2.4, kabla ya kumlipa askari hata mmoja wa kuulinda.

Afrika Kusini ilijaribu njia ya bei nafuu. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia, ilijenga kwa haraka uzio wa kilometa 40 kandokando ya kituo cha Beitbridge, mpakani na Zimbabwe, kwa randi milioni 37 hivi. Kwa dola za wakati ule, kila kilometa iligharimu takribani 50,000. Baada ya majuma machache uzio ulikuwa umejaa matundu, na zabuni yake ikawa suala la wachunguzi wa ubadhirifu.

Ngazi ya juu ya bei nayo haikutoa hakikisho. Kizuizi ambacho Israeli ilikikamilisha Desemba 2021 kuizunguka Gaza kilikuwa na urefu wa kilometa 65, vihisio, kamera na ukuta wa chini ya ardhi, kwa gharama ya dola bilioni 1.1, yaani dola milioni 17 kwa kilometa. Tarehe 7 Oktoba 2023 kilitobolewa sehemu nyingi kwa asubuhi moja. Marekani ilitenga takribani dola bilioni 15 kwa zaidi ya kilometa 700 za ukuta wa mpakani na Meksiko kati ya 2017 na 2021, nyingi zikichukua nafasi ya vizuizi vya zamani. Walanguzi walizikata nguzo zake za chuma kwa misumeno inayouzwa katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi.

Kutoka Beitbridge hadi mpaka wa Meksiko, bei ya kilometa moja imepanda mara mia nne hivi, lakini kote huko watu walipita. Hii haina maana kwamba ukuta ni bure. Maana yake ni kwamba ukuta huuza bidhaa moja tu, nayo ni muda: dakika chache za kupanda, saa moja ya kukata, usiku mmoja wa kuchimba. Muda huo una thamani pale tu ambapo nyuma ya ukuta kuna mlinzi aliyelipwa, mwenye gari lenye mafuta, na asiyehongeka kwa urahisi. Kwa hiyo gharama kubwa ya ukuta haimo katika mkataba wa ujenzi; imo katika mishahara ya miaka yote itakayofuata. Dola inapomalizikia kwenye waya, mlinzi aliyekaa miezi bila mshahara hugeuka kuwa mtoza ushuru binafsi, na ukuta humwekea tayari mahali pa kukaa.

Tuihamishie hesabu hii Kongo. Nchi ina majirani tisa na mipaka ya zaidi ya kilometa 10,000. Hata tukichukua mpaka na Rwanda peke yake, wenye kilometa 221 hivi, kwa bei ya Mandera uzio ungefikia dola milioni 770. Na sehemu kubwa ya mpaka huo ni Ziwa Kivu na mto Ruzizi, ambako mtumbwi wa usiku hauhitaji lango. Kwa Kongo, ukuta si suluhisho ghali. Ni suluhisho lisilokuwepo.

Mirerani: ukuta uliofaa, na sababu zake

Mtu anaweza kuuliza: mbona Tanzania ilifaulu? Swali hilo ni la haki, kwa sababu Mirerani ndiyo mfano wa karibu zaidi wa kizuizi kilichojengwa ili kuzuia madini yasitoroshwe. Ukuta wa kilometa 24.5 kuizunguka migodi ya tanzanaiti ulijengwa na jeshi kwa miezi michache na kuzinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 6 Aprili 2018. Uligharimu takribani shilingi bilioni 5.6, yaani karibu dola 100,000 kwa kilometa. Kwa takwimu za serikali, tanzanaiti iliyosajiliwa kutoka kwa wachimbaji wadogo ilipanda kutoka kilo 147 hivi mwaka 2017 hadi zaidi ya kilo 780 mwaka 2018, na iliendelea kupanda mwaka uliofuata.

Mafanikio hayo yana masharti matatu, na ni vizuri kuyataja kabla nchi nyingine hazijaagiza saruji. Kwanza, tanzanaiti inachimbwa mahali pamoja tu duniani, katika eneo dogo linaloweza kuzungukwa na kuachiwa lango moja. Pili, asili ya jiwe haibishaniwi: tanzanaiti iliyoonekana Nairobi au Jaipur imetoka Mirerani, hakuna pengine. Tatu, serikali haikujenga ukuta ikaishia hapo. Mwaka 2019 iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua masoko ya madini katika mikoa. Geita, ambako hakuna ukuta wowote, wachimbaji wa dhahabu nao walivutwa na masoko hayo kuuza kwa njia rasmi. Huenda basi sehemu ya sifa anayopewa mwashi ni ya afisa wa kodi.

Kailo haina hata sharti moja kati ya haya. Kasiterite na wolframiti hazikai mahali pamoja. Zimetawanyika katika mabonde na vilima vya Maniema, Kivu mbili na Tanganyika. Rwanda nayo huchimba kasiterite, wolframiti na koltani (mawe ya tantalamu), kwa hiyo gunia likishavuka ziwa na kuchanganywa na la upande wa pili, jicho haliwezi kutambua limetoka wapi. Na kwa miaka mingi kodi na tozo za kusafirisha madini kihalali kutoka Kongo zimekuwa nzito kuliko za jirani, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamelitaja kuwa mojawapo ya vichocheo vya magendo. Tofauti hiyo ya bei ndiyo injini ya magendo, na hakuna ukuta unaoweza kuizima.

Lango linapofungwa

Aina ya pili ya kizuizi haihitaji saruji. Inahitaji amri, mnyororo na askari wawili. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna, njia kuu ya kuingia Uganda, na haikuufungua hadi tarehe 31 Januari 2022. Burundi iliifunga mipaka yake na Rwanda baada ya mgogoro wa 2015, ikaifungua mwaka 2022, na kuifunga tena Januari 2024. Katika vitabu vya serikali, kufunga lango ni kitendo cha bei rahisi sana: hakuna zabuni, hakuna mkandarasi. Gharama inaonekana kwingine, katika mauzo ya Uganda kwenda Rwanda yaliyoporomoka, na katika shamba la mkulima wa Kabale, upande wa Uganda, aliyelima kwa ajili ya wateja wa ng'ambo.

Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, miji inayopakana, zinaonyesha uzito wa jambo hili kuliko mahali pengine popote katika Maziwa Makuu. Kabla ya UVIKO-19, kivuko cha Petite Barrière kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wanaobeba nyanya, maziwa na vitenge kwa mtaji wa siku moja. Kivuko kilipofungwa mwaka 2020, lori liliruhusiwa kupita na mtu wa miguu akazuiwa. Mwenye shehena kubwa alipunguziwa faida. Mwenye beseni aliondolewa kabisa sokoni.

Athari haiishii mpakani. Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, Kindu ilikatiwa njia mojawapo muhimu ya kupeleka madini na kupokea bidhaa. Bei ya sabuni na chumvi katika mji wa bara huamuliwa pia na lango lililofungwa mkoa wa pili.

Ukuta wa karatasi

Aina ya tatu ndiyo iliyoifikia Kailo moja kwa moja. Bati la Maniema lilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, kwanza na makampuni kama Symétain, kisha na SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuyaunganisha makampuni ya Kivu na Maniema. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, uchimbaji wa viwandani ulidhoofika, na mashimo yakabaki mikononi mwa wachimbaji wa sururu na beleshi, wale ambao Kongo nzima huwaita creuseurs. Kwao madini si utajiri wa ghafla. Ndiyo fedha taslimu pekee mahali ambapo mpunga na mihogo hukosa barabara ya kufika sokoni.

Mwaka 2010 kuta mbili zilijengwa kwa ajili yao, moja Washington na nyingine Kinshasa. Tarehe 21 Julai sheria ya Dodd-Frank ilitiwa saini Marekani. Kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyo katika soko la hisa kueleza kama bati, tantalamu, wolframu na dhahabu yanazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani zake, na kama zimewanufaisha wenye silaha. Mashariki mwa Kongo watu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa wachimbaji wadogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Maniema iliwekwa kapu moja na mikoa ya vita. Amri iliondolewa Machi 2011, lakini Aprili 1 viwanda vya kuyeyusha madini vilianza kuyakataa yasiyo na hati za asili. Lango moja lilifunguliwa, jingine likafungwa kabla mtu hajapita.

Njia ya kutokea ilikuwa mfumo wa lebo unaojulikana kama ITSCI, ambao baadaye ulifika Maniema. Gunia hufungwa lebo ya plastiki yenye namba kule mgodini mbele ya afisa wa serikali, huandikwa katika daftari, kisha hupewa lebo ya pili kwenye ghala la mnunuzi wa kati kabla ya kwenda kwa msafirishaji. Kwa nadharia, huu ni mpaka mwepesi unaosafiri pamoja na gunia. Kwa vitendo una gharama zake, na hapa swali la nani analipa linajibika waziwazi.

Mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ilikadiria kwamba kuitekeleza sheria kungeyagharimu makampuni dola bilioni 3 hadi 4 mwanzoni, na kati ya dola milioni 207 na 609 kila mwaka baadaye. Takwimu hizo zilijadiliwa sana, kwa kuwa walipaji wake wana mawakili. Gharama ya upande wa Kongo ilipita kimya. Ada ya mfumo wa lebo hutozwa kwa msafirishaji. Yeye hawezi kuibadili bei ya bati inayopangwa katika soko la London, kwa hiyo hupunguza anachomlipa mnunuzi wa kati, na mnunuzi wa kati hupunguza anachomlipa mchimbaji. Katikati kuna usafiri kutoka Kailo hadi Kindu na kutoka Kindu hadi kwenye maghala ya Kivu, pamoja na vizuizi vya barabarani. Utafiti wa taasisi ya Ubelgiji IPIS na ya Denmark DIIS wa mwaka 2017 ulihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu mbili peke yake. Kila mmoja katika mnyororo ana wa kumpunguzia, isipokuwa aliyeshika sururu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyebuni lebo hakuubeba uzito wake.

Matokeo yalifika hadi kwa watoto wachanga. Wanauchumi Dominic Parker, Jeremy Foltz na David Elsea, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba vifo vya watoto wachanga katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyoguswa na sera hizi mashariki mwa Kongo vilipanda kwa asilimia 143 au zaidi. Walieleza kwamba kipato kilipopotea, matumizi ya huduma za afya kwa mama na mtoto yalipungua. Hakuna bajeti ya kizuizi yenye mstari wa gharama hiyo.

Je, walau ukuta huu ulizuia? Kwa kiasi. Lebo zenyewe ziligeuka bidhaa: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwa miaka mfululizo biashara ya lebo zinazofungwa kwenye magunia ya machimbo mengine. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba mfumo umekuwa njia ya kuyasafisha madini ya magendo, madai ambayo ITSCI iliyakanusha. Na M23 walipoiteka Rubaya, kitovu cha koltani, Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi madini yake yalivyovushwa kwa wingi kwenda Rwanda. Pale ambapo bunduki ilitawala, karatasi haikuzuia. Ilizuia pale ambapo hakukuwa na bunduki, kwa mchimbaji mtiifu ambaye afisa wa lebo amechelewa kumfikia.

Hoja ya usalama

Mtetezi wa vizuizi atasema kwamba tumepima kwa mizani ya biashara jambo la uhai. Baada ya Garissa, serikali gani ingekaa bila kufanya lolote? Na nani angewatetea wenye silaha waliojipatia fedha kutokana na madini ya Walikale, Kivu Kaskazini?

Pingamizi hili lina uzito. Tafiti za IPIS zimeonyesha kuwa, miaka michache baada ya mageuzi, wachimbaji wengi wa bati, tantalamu na wolframu walikuwa wakifanya kazi mahali pasipo na watu wenye silaha. Ingekuwa dhuluma kulinyamazia hilo. Lakini tafiti hizohizo zilikuta wenye silaha wengi zaidi katika machimbo ya dhahabu, ambayo thamani yake kubwa katika uzito mdogo huifanya ipite mfukoni bila lebo. Parker na Bryce Vadheim, katika utafiti wa mwaka 2017, walionyesha kwamba makundi yaliyopoteza mapato ya ushuru wa migodini yaligeukia uporaji wa raia. Hatari haikuondoka, ilihama, kama ilivyohama gharama.

Kwa upande wa Kenya, usalama unaimarisha hoja yetu badala ya kuibomoa. Ikiwa lengo ni kumzuia mshambuliaji, basi dola milioni 3.5 kwa kilometa moja ya waya zishindanishwe na matumizi mengine yanayoweza kumzuia: upelelezi, polisi wanaoaminiwa na wakazi wa Mandera, barabara ya doria. Kizuizi kinachotetewa kwa jina la usalama hakisamehewi hesabu. Kinadaiwa hesabu kali zaidi, kwa sababu fedha iliyozikwa kwenye waya haikuokoa mtu mahali pengine.

Vigezo vya kuamua

Kutokana na visa hivi, kizuizi cha mpakani hufaa pale ambapo eneo ni dogo na lina njia chache za kutokea, ambapo kinacholindwa kinatambulika asili yake, na ambapo njia halali haimwadhibu anayeifuata kuliko ya magendo. Masharti ya kwanza mawili ni ya jiografia, na hakuna waziri anayeweza kuyabadilisha. La tatu ni la sera, na ndilo la bei rahisi kuliko yote.

Nchi za Maziwa Makuu zinalijua hili tangu zamani. Azimio la Lusaka la Desemba 2010 lilipitisha nyenzo sita dhidi ya uporaji wa maliasili, zikiwemo cheti cha kanda na kuoanisha sheria za nchi wanachama. Cheti kilipewa kipaumbele. Kodi zilibaki mbalimbali. Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, ilipata jukwaa la pili la kuzungumza habari hiyohiyo. Kuoanisha kodi ya kusafirisha bati na wolframu kati ya Kinshasa na Kigali hakuondoi vita, na mwenye bunduki hatashawishiwa na jedwali la ushuru. Lakini kunamwondolea mfanyabiashara wa kawaida sababu ya kukodi mtumbwi wa usiku, na kunawaachia walinzi wachache waliopo kazi ya kuwatafuta wachache waliobaki.

Hatua ya pili ni kuhamisha malipo. Ikiwa mnunuzi wa simu na kompyuta anataka kujua bati limetoka wapi, ada ya kujua itozwe kwake, mwishoni mwa mnyororo ambako faida ni nene, isikatwe kwenye kilo ya mchimbaji wa Kailo. Hatua ya tatu ni kuihesabu barabara ya Kailo na Kindu kuwa sehemu ya sera ya mpaka. Umbali ukipungua, bei ya shimoni hupanda, na mchimbaji hupata nguvu ya kumsubiri afisa wa lebo badala ya kumuuzia mlanguzi wa kwanza kufika.

Kila pendekezo la kizuizi, kabla halijafika bungeni, liwekewe safu tatu za hesabu: ya kukijenga, ya kukilinda kwa miaka ishirini, na ya watu watakaopunguziwa kipato bila kukaa mpakani. Safu mbili za kwanza hujazwa na wahandisi na majeshi. Ya tatu ijazwe kwa kuwauliza watu wa mahali kama Kailo. Kizuizi ambacho waandishi wake hawawezi kuijaza safu hiyo hakijathibitishwa kuwa nafuu, hata kama zabuni yake ndiyo ya chini kuliko zote.